Vigari vya Kesho, Vigari vya Jana

Kati ya mwaka 1963 na 1966, kampuni ya Chrysler ya Marekani iliwaazima watu wa kawaida gari lisilo na pistoni. Liliendeshwa na injini ya turbaini, jamaa wa injini za ndege, na lilikunywa dizeli, mafuta ya taa na karibu kila kimiminika kinachoshika moto. Bodi zake zilitengenezwa na mafundi wa Ghia huko Turin, Italia, kisha zikavushwa bahari hadi Detroit. Kwa jumla yaliundwa magari 55. Kati ya hayo, 50 yalizungushwa kwa familia 203, kila familia ikikaa nalo miezi mitatu. Majaribio yalipokwisha, kampuni iliyakusanya, na mengi yakatiwa moto na kupondwa. Yamebaki tisa.

Katika mji huohuo wa Detroit palikuwa na kampuni ya vigari vya plastiki iliyoitwa Jo-Han, ya bwana John Hanley. Jo-Han ililitoa gari la turbaini kwa kipimo cha 1/25, yaani kila sentimita 25 za gari halisi zikawa sentimita moja ya kigari. Liliuzwa likiwa vipande ndani ya sanduku. Mtoto aliunganisha turbaini yenyewe, akafuatisha mabomba ya moshi, akapanga viti vinne na lile bomba la mapambo lililopita katikati yake. Leo, kwa mtu aliye mbali na majumba ya makumbusho, kigari hicho ndiyo njia ya kulipindua gari lile na kulitazama tumbo. Na Jo-Han nayo imekwisha kufa.

Nimekaa sana na habari ya gari hili, kwa sababu ndani yake naona kilichoupata ufundi mzima wa kuunda vigari. Watu wanaoulilia husema kwamba mikono ya zamani imepotea. Sikubaliani nao. Mikono ipo, na ni mizuri kuliko ilivyowahi kuwa. Kilichopotea ni upande ambao ufundi huu ulikuwa ukitazama. Ulianza ukiwa umeelekeza uso kwenye kesho, na sasa umegeuka kabisa kuitazama jana.

Mwanzo wake ulikuwa kwenye maduka ya magari. Mwaka 1948 kampuni ya AMT ya Michigan ilianza kutoa kigari cha aluminiamu cha Ford ya mwaka uleule, ili muuzaji awe na kitu cha kumwonyesha mteja. Punde plastiki ikachukua nafasi ya aluminiamu. Mteja aliweza kuiona rangi ya gari jipya kwenye kiganja chake kabla gari lenyewe halijashuka kwenye lori, na mara nyingi kigari kiliishia mikononi mwa mtoto aliyekuja na baba yake. Ili kufanya hivyo, AMT na wenzake walihitaji michoro mapema, na viwanda vya magari viliwapa. Fikiria jambo hilo: siri ambayo Ford na General Motors walifichana wao kwa wao ilikuwa mezani kwa mtu wa vigari.

Miaka ile magari ya Marekani yalibadilishwa sura kila mwaka. Vuli ilipofika, wauzaji walifunika madirisha yao kwa karatasi, watu wakakusanyika nje wakisubiri zifunuliwe. Mwaka 1958 AMT ikaja na sanduku ambalo vipande vyake vingeweza kuunganishwa kwa namna tatu: gari kama lilivyotoka kiwandani, gari la kurembwa, au gari la mashindano. Mtoto wa miaka 12 alipiga magoti sakafuni juu ya gazeti, akiwa na tyubu ya gundi na wembe wa babake, akaunda gari ambalo jirani yake alikuwa bado analidundulizia fedha. Hakuwa na kitu cha kukumbuka. Alikuwa anasubiri.

Walikuwepo waliotangulia hata mbele ya kiwanda. Fisher Body, idara ya General Motors, iliendesha kuanzia mwaka 1930 hadi 1968 shindano lililoitwa Fisher Body Craftsman's Guild. Mwanzoni wavulana walishindana kuchonga gari la kifalme la kukokotwa na farasi, lile lililokuwa nembo ya Fisher. Baadaye wakaambiwa wabuni gari lao wenyewe na kulichonga kwa kipimo cha 1/12, kwa mbao, plasta au chochote kilichokubali msasa. Zawadi zilikuwa fedha za kwendea chuo. Chuck Jordan alishinda mwaka 1947, na kuanzia 1986 hadi 1992 alikuwa makamu wa rais wa General Motors aliyesimamia usanifu wote wa magari. Kigari cha mvulana kilikuwa barua ya kuomba kazi. Wasichana walifungiwa nje ya shindano lile, na hiyo nayo ni hasara, tena isiyopimika, kwa kuwa hakuna anayeweza kuonyesha ambacho wangekichonga.

Lakini jambo linaloniuma kuliko yote limo ndani ya vyuma vya kiwandani. Kutengeneza kigari cha plastiki kulianza na kigari kikubwa cha mbao, mara nyingi cha 1/10, kilichochongwa na fundi kwa wiki nyingi. Mashine iitwayo pantografu ilikipapasa kigari hicho kwa ncha moja huku ncha ya pili ikichimba umbo lilelile, dogo zaidi, kwenye kipande cha chuma. Chuma hicho ndicho kalibu: plastiki ya moto inasukumwa ndani, inapoa, kipande kinatoka. Kalibu lilikuwa ghali mno. Basi mwaka mpya ulipokuja na taa mpya na bampa mpya, hawakutengeneza kalibu jingine. Walilichukua lile la mwaka jana, wakaliparua, wakaliongezea chuma hapa na kulichimba pale, likawa la mwaka huu. Gari la mwaka uliopita likafutika palepale. Hakuna aliyeweza kulitoa tena hata kama angetaka. Makalibu mengine, baada ya miaka kadhaa ya kugeuzwa hivyo, yalimaliziwa kwa kukatwa mbavu na kufanywa magari ya mbio za udongo.

Hakukuwa na uzembe katika hilo. Walikuwa na hakika na kesho kiasi kwamba waliichonga kutoka kwenye mwili wa jana, wala hakuna aliyelalamika. Nani angetaka Chevrolet ya mwaka jana, wakati ya mwaka huu imekwisha kufika?

Leo wanaotaka ni wengi. Kampuni ya Round 2, ya South Bend katika jimbo la Indiana, ambayo ndiyo yenye jina la AMT sasa, imekuwa ikiyafufua baadhi ya magari hayo yaliyofutwa. Kwa kuwa kalibu halipo, kinachobaki ni kurudi kwenye vigari vya zamani vilivyonusurika, kuvipima kona kwa kona na kuchonga chuma upya. Kinachonakiliwa ni kigari, maana gari lenyewe limekwisha kuoza shambani. Mimi huiona kazi hii kuwa ya heshima kubwa. Lakini ni kazi ya wafukuaji wa makaburi ya kale, na mvulana wa 1958 asingeelewa kwa nini inafanywa.

Geuko hilo halikuja siku moja. Viwanda vya magari viliacha kubadilisha sura kila mwaka, na msisimko wa vuli ukafa. Kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 kulipandisha bei ya plastiki. Gundi ilipata sifa mbaya, kwa sababu vijana waliivuta walewe. Mwaka 1969 kampuni ya Testors ilitia mafuta ya haradali ndani ya gundi yake ili iwachome pua. Kisha kampuni zikaanza kumezana. AMT iliuzwa mara moja, ikauzwa tena; Revell ya California na Monogram ya Illinois zikaunganishwa mwaka 1986; na Januari 2018 Hobbico, mmiliki wa Revell, ikaenda mahakamani kutangaza kufilisika, Revell ikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Na wale waliokuwa wakitoa michoro bure ili gari lao lisifiwe, siku hizi hudai ada kwa kila jina na kila nembo. Kutoa seti ya gari jipya kukawa bahati nasibu. Gari la zamani lina wateja wanaojulikana: ni wale watoto wa sakafuni, sasa wana mvi.

Ukiingia kwenye maonyesho yao leo utashangaa. Bawaba za milango zinafanya kazi. Nyaya za plagi ni nyembamba kama unywele na zimefuata mpangilio wa kuwaka wa injini yenyewe. Vipande vya shaba vimechongwa kwa asidi hadi herufi za nembo zinasomeka kwa lenzi. Taa, rimu, hata viti hubuniwa kwenye kompyuta na kuchapwa kwa utomvu unaogandishwa kwa mwanga. Rangi hupulizwa kwa kompresa, ikapigwa msasa wa maji, ikapulizwa tena, hadi bati la bandia linarudisha sura yako. Mvulana wa tyubu ya gundi, aliyeacha alama za vidole kwenye kioo cha mbele, hangefika hata mlangoni. Na kwa kweli hayupo mlangoni. Vyumba hivyo vimejaa babu.

Wanaunda nini? Wanaunda Pontiac, iliyofungwa mwaka 2010. Wanaunda Oldsmobile, iliyofungwa 2004, na Plymouth, iliyofungwa 2001. Mzee anakuwa na picha moja iliyofifia, baba yake ameegemea mlango wa gari, na anatumia majira mazima ya baridi kuitafuta rangi ileile, mchubuko uleule kwenye bampa, namba ileile ya usajili. Nimeona kazi za namna hiyo, na sikuziona kuwa michezo. Ni matanga. Kuna watu wanaoandika, kuna wanaosoma dua, na kuna wanaokaa na msasa wa namba 2000 mpaka baba arudi kwa kipimo cha 1/25.

Ila kuna meza moja katika maonyesho hayo ambayo siwezi kuipita bila kusimama. Ni meza ya mjane. Waundaji hawa hununua seti nyingi kuliko wanazoweza kuunda katika maisha mawili, kwa hofu kwamba hazitatolewa tena. Mtu anafariki, na ghala lake linaletwa mezani: masanduku mamia, mengi hayajachanwa hata nailoni. Wanunuzi ni rika la marehemu. Wanayapeleka kwenye maghala yao wenyewe, nayo yatarudi kwenye meza kama hiyo. Sanduku linaweza kupita mikono mitatu bila kipande kimoja kuguswa na gundi.

Kwetu Afrika Mashariki masanduku hayo hayakuwahi kuwa ya mtoto wa kawaida, lakini ufundi wenyewe tulikuwa nao. Ulitokana na waya wa ua, mifuniko ya makopo ya mafuta ya kupikia ya Kimbo, vizibo vya soda na soli za kandambili, na usukani wake ulikuwa juu ya waya mrefu ili dereva aendeshe akiwa wima. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya magari ya Safari Rally kwa Datsun 240Z. Seti nzuri ya plastiki ya gari hilo, lenye boneti nyeusi na bodi nyekundu, ilitolewa na Hasegawa ya Japani miongo kadhaa baadaye, kwa ajili ya watu wazima wenye kumbukumbu. Watoto wa kandokando ya barabara hawakusubiri miongo. Vumbi la gari lilipotua, waya ulikuwa umekwisha kukunjwa. Waliunda kilichopita leo, na kilichopita kesho yake wakakiunda pia: Leyland, Isuzu, basi la mkoani lenye ngazi nyuma na mizigo juu.

Ufundi huo nao umepungua. Makopo ya bati yamekuwa ndoo za plastiki, chupa za soda nyingi hazina vizibo vya bati, viwanja vimejengwa, na kigari cha dukani ni rahisi kuliko waya. Bado lakini utawakuta watoto, hasa vijijini na pembezoni mwa miji, wakisukuma Scania zao za waya zenye taa za kuchora. Hao ndio pekee ninaowajua ambao ufundi huu haujawageuza shingo.

Basi msomaji, kama nyumbani kwako yuko mtoto anayekunjakunja waya, usikimbilie kumnunulia kigari kilichokwisha kuundwa. Mtafutie koleo na waya laini, mpeleke stendi asubuhi mabasi yanapotoka, mwache achague lake. Na kama una sanduku la seti uliloliweka juu ya kabati kwa ajili ya siku nzuri, lishushe mkalifungue pamoja.