Mdomo Ulivyomponza Jaji wa Anime

Kuna mshkaji mmoja wa Sinza, kwenye anime na gemu anajiona jaji. Kwake Naruto ni kali, ila zile episodi za kujazia kabla ya Shippuden ni kama daladala inayozunguka kutafuta abiria: unafika, lakini umezeeka. GTA San Andreas ya 2004? Anasema inazikalisha gemu zote mpya, maana ukibonyeza kodi tu kifaru kinadondoka, bure!

Sasa mdomo ukamponza. Demu wake alikuwa anaangalia Death Note, episodi 37 tu. Kafika ya 20, jamaa akaropoka: "L akishakufa, utamu kwisha!"

Kimya. Demu akafunga laptop, akasepa. Wiki nzima meseji zinasomwa, hazijibiwi.

Jumamosi akaleta sharti: waangalie wote One Piece, kuanzia ya kwanza ya 1999. Episodi zimeshapita 1,000! Ndiyo hiyo jamaa aliyokuwa akiiponda kuwa ndefu kuliko foleni ya Ubungo. Wako ya 40 sasa. Juzi kwenye ile ya Nami kuomba msaada alijifuta macho, akasingizia vitunguu. Jikoni hakuna aliyekuwa anapika.

Wewe ungemsamehe?