Kutoka Bustanini

Kwa miaka mingi nalijidai kuufahamu utungo mkubwa wa John Milton uitwao Paradise Lost, ambao kwa lugha yetu twaweza kuuita Pepo Iliyopotea. Naliusoma mara ya kwanza chuoni, nikaulizwa juu yake katika mtihani, nikafaulu. Walakini kufaulu mtihani na kufahamu utungo ni mambo mawili, nami naungama kwamba nalikuwa na la kwanza tu.

Kosa langu lilikuwa kumtazama Shetani kupita kiasi. Katika vitabu viwili vya mwanzo husema kama jemadari aliyeshindwa vita asishindwe kiburi, na kijana yeyote humpenda. Tena maisha ya mtunzi yalinisaidia kukosea. Milton aliitumikia kwa kalamu serikali iliyosimamishwa baada ya Mfalme Charles wa Kwanza kukatwa kichwa mwaka 1649. Ilipofika 1652 alikuwa amekwisha kuwa kipofu. Mwaka 1660 ufalme ulirudi, vitabu vyake vikachomwa moto, mwenyewe akatiwa kifungoni kwa muda. Utungo wake, wenye mistari zaidi ya elfu kumi, aliutunga kichwani, wengine wakauandika kwa imla. Ulitoka mwaka 1667. Basi nalifundisha kwamba mwasi wa mbinguni ni mwasi wa London aliyevikwa mabawa. Wanafunzi walifurahi sana. Jambo lifurahishalo wanafunzi upesi hivyo lataka kuchunguzwa.

Nalitia pia maneno mengi juu ya tofauti kati ya Shetani huyu na Iblisi tumjuaye pwani. Iblisi alikataa kumsujudia Adamu kwa sababu Adamu ni udongo, naye ni moto. Shetani wa Milton aliasi kabla Adamu hajaumbwa, kwa wivu wa kumwona Mwana ametukuzwa juu ya malaika wote. Tofauti hiyo ni kweli, nami siifuti. Lakini nalidhani kwamba mwenye kuijua ameushika ufunguo wa nyumba nzima.

Kisha nalijaribu kuufasiri utungo kwa utenzi. Nalijipa moyo kwamba marehemu Mathias Mnyampala aliweza kuitia Injili katika utenzi wake uliochapishwa mwaka 1963. Kwa nini mimi nisiweze? Nikashindwa. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani minane, na kila ubeti hurudi kupumzika penye kina kile kile, kama mchukuzi atuaye mzigo kila penye kivuli. Milton hatui. Sentensi yake huvuka mstari, ikavuka wa pili na wa kumi, wala haina kina cha kuishika. Naliacha kazi katika kitabu cha kwanza, Shetani akiwa bado amelala katika ziwa la moto.

Likizo hiyo nalikwenda nyumbani Gwarama, katika nyanda za juu za Kigoma. Mama alikuwa akichambua maharagwe, akaniuliza ni kazi gani iliyonikondesha hivyo. Nikamsimulia kwa Kiha hadithi yote, tangu vita vya mbinguni hata Adamu na Hawa kutolewa bustanini. Juu ya Shetani hakuuliza neno. Aliuliza, “Walipofukuzwa, walitoka na mbegu?”

Nikamjibu, “Mama, Biblia haisemi.”

“Ya Biblia nayajua. Nauliza huyo Mzungu wako.”

Sikuwa na jibu. Msomaji asiyeijua nchi yetu yafaa aelezwe kwamba swali hili halikutoka hewani. Mwezi wa Oktoba mwaka 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wengi wakavuka mpaka kukimbilia kwetu. Nalikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mume na mke walilala siku nne katika jiko letu. Kirundi na Kiha husikilizana, kwa hiyo hapakuhitajiwa mkalimani. Mume alisema kidogo sana. Mke alisema juu ya maharagwe aliyoyaacha yakianza kutoa maua, na nani atakayeyapalilia. Katika ncha ya kanga yake alikuwa amefunga mbegu, kiasi cha kujaa viganja viwili. Alimwachia mama nusu.

Niliporudi kazini nalifungua kitabu cha kumi na moja, ambacho hufundishwa kwa haraka kwa kuwa muhula umekaribia kwisha. Malaika Mikaeli ameleta amri ya kuwatoa. Hawa, aliyejificha, asikia, analia, na kilio chake ni juu ya maua: aliyalea kwa mkono wake tangu tumba la kwanza, akayapa majina, sasa nani atayaelekeza juani, nani atayanywesha maji? Adamu naye asikitikia mahali alipokutana na Mungu, ambapo angependa kuwaonyesha wanawe. Pembeni mwa kurasa hizo nalikuta maandishi yangu ya zamani, maneno mawili: “Hawa aomboleza.” Kando ya hotuba za Shetani nalikuwa nimejaza pambizo zote.

Nalitafuta mbegu katika vitabu vyote kumi na viwili. Wamevikwa ngozi za wanyama katika kitabu cha kumi. Mwishoni wanashikana mikono na kwenda taratibu. Mbegu hamna. Nalimpigia mama simu nikamwambia hivyo, na kwamba mwanamke alililia maua aliyoyapa majina. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Yule wangu alikuwa nazo.” Halafu akanieleza habari za mvua.

Tafsiri yangu nimeianza upya, safari hii kwa kilio cha Hawa. Beti ishirini zimekwisha. Nane kati ya hizo nimezifuta, kwa kuwa kina kilimfanya Hawa apumzike mahali ambapo hakupumzika.