Kifua cha Mtoto na Jino la Plastiki

Akina mama wenzetu, huenda mkacheka mkisikia kwamba nyumba nzima ilikosa raha kwa ajili ya kipande cha plastiki kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Lakini ndivyo ilivyokuwa kwetu, na tumeona tuwaandikie, kwa maana labda hata stoo zenu zimehifadhi chombo kizima kilichoponzwa na kipande kimoja.

Sisi tunaishi Arusha, katika nyumba ya kupanga. Zulia limegundishwa sakafuni, sebuleni hadi vyumbani, na mkataba hauturuhusu kulibandua. Kitinda mimba wetu ana pumu. Daktari alitueleza habari za wadudu wadogo mno, wasioonekana kwa macho, ambao hukaa katika mazulia na magodoro, na kwamba kinyesi chao ndicho hasa kinachochokoza kifua. Yeye angependa zulia liondoke kabisa. Maadamu haliondoki, mashuka tunayafua kila wiki kwa maji ya moto sana, dawa ya kuvuta haikosekani nyumbani, na zulia hupitishwa kifyonza vumbi mara tatu kwa juma. Ufagio juu ya zulia hurusha tu vumbi hewani, na vumbi la Arusha wakati wa kiangazi wenyeji mnalijua.

Kifyonza chenyewe tulikinunua kwa familia iliyokuwa inahama. Mota yake ni nzima hata leo. Kilichokatika ni jino la mfuniko, lile linalonasa ili mfuniko ukae juu ya mfuko wa vumbi. Bila jino hilo, hewa huingia pembeni badala ya kuvutwa kutoka kwenye zulia. Mashine hunguruma vizuri tu, na uchafu unabaki pale pale. Tulijaribu kuufunga mfuniko kwa mpira wa baiskeli. Kila mashine ilipogonga kiti, mfuniko uliinuka.

Jirani mmoja, mama wa watu mwema kabisa, alitushauri tumkate mshahara binti anayetusaidia kazi, kwa kuwa lilikatikia mikononi mwake. Hatukukubali. Baba wa nyumba alikitazama kile kipande juani akatuonyesha: nusu ya mvunjiko ilikuwa safi na inang'aa, nusu nyingine ilikuwa nyeusi kwa vumbi kuukuu. Maana yake ufa ulikuwapo siku nyingi, pengine kabla hata mashine haijafika kwetu. Jino hilo hubanwa kila mfuniko unapofungwa, na plastiki ikizeeka hupoteza unyumbufu wake. Binti alikuwapo tu siku ufa ulipofika mwisho. Tulimwita tukamwonyesha na yeye, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa hajala.

Dukani tuliambiwa jino haliuzwi peke yake, na mfuniko mzima ni wa kuagiza. "Mama, hiyo tupa tu, chukua mpya," alisema muuzaji. Bei ya hiyo mpya ilikuwa karibu nusu ya ada ya muhula ya mtoto wa kwanza. Fundi wa barabarani alilibandika kwa supagluu, likadumu wiki mbili. Supagluu hushika kwa nguvu, lakini ikikauka huwa ngumu kama kioo, nayo haipendi kitu kinachovutwa na kugongwa kila mara.

Kilichotufaa ni kuijua plastiki yenyewe. Geuzeni mfuniko wa chombo chochote cha umeme, mtaona mara nyingi herufi ndogo zilizopigwa ndani. Wetu uliandikwa ABS. Beseni na ndoo zetu kwa kawaida ni plastiki ya jamii nyingine, ile ambayo kipande chake huelea majini na gundi haiishiki, ndiyo maana fundi wa ndoo huziba kwa chuma cha moto. ABS huzama, tena huyeyushwa na asetoni, ambayo ndiyo dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Someni chupa kwanza, kwani siku hizi zipo zisizo na asetoni.

Tulichukua kibodi mbovu ya kompyuta iliyoandikwa ABS mgongoni, tukakata vipande vidogo, tukavitia katika kichupa cha kioo pamoja na asetoni. Kesho yake ulikuwa ujiuji mzito kama uji wa mtoto wa miezi sita. Tukasugua pande zote mbili kwa msasa, mmoja wetu akashika jino mahali pake, mwingine akapaka. Nyuma tukaongeza kibanzi cha plastiki ile ile kama gango, kisha tukabana kwa vibanio vya nguo. Gundi ya kawaida hukaa katikati ya vipande viwili. Hapa plastiki yenyewe hulainika na kuungana, ikawa kitu kimoja tena.

Kazi yote tuliifanya barazani, mtoto akiwa kwa bibi yake. Harufu ya asetoni ni kali, haimfai mwenye pumu, nayo hushika moto upesi kama petroli, basi isikaribie jiko. Kichupa tulikifungia juu kabatini. Mfuniko tuliuacha nje siku mbili kamili kabla ya kuujaribu. Haraka hapa hailipi, maana juu hukauka huku ndani kungali kubichi.

Tukiwa tunangoja tulisoma habari za James Murray Spangler, mfanyakazi wa usafi katika mji wa Canton, Ohio, Marekani. Naye alikuwa na pumu, na vumbi la mazulia aliyosafisha lilimtesa. Akaunda mashine yake kwa mota ya feni, sanduku la sabuni, mpini wa ufagio na foronya, akapata hataza mwaka 1908. Baba wa nyumba alifurahi sana kusikia habari za lile sanduku la sabuni.

Si kila kipande tungekitengeneza hivi. Ingekuwa ni ganda linalofunika nyaya au mota, tungempa fundi wa umeme, au tungeitupa kweli mashine.

Huu ni mwezi wa saba na jino linashika. Bado tunaulizana na mwenye nyumba juu ya zulia. Mfuko wa vumbi hubadilishwa barazani, mtoto akiwa shuleni, na anayefungua mfuniko ni yule yule binti.