Fungua Hilo Dirisha, Si Kiburi

Tuseme ukweli: Julai ikifika, matatu za Eastleigh zinageuka sufuria zenye kifuniko. Panda namba 6 au 9 ya kwenda tao saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Vioo vinatiririka maji, hujui hata kama mmetoka First Avenue. Dere anapangusa kioo cha mbele na kitambaa, anaona kwa dakika mbili, anapangusa tena. Na kuna mtu lazima aseme, "Hii gari inavuja."

Haivuji, wasee. Hayo maji ni yetu.

Mtu mzima hupoteza takriban mililita 350 za maji kwa siku kupitia pumzi peke yake. Piga hesabu ya abiria 33: ni karibu nusu lita kila saa, kabla hata hujagusa makoti yaliyolowa manyunyu. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi, na ikigusa kioo baridi inaushusha hapo hapo. Kupangusa kunatoa matone, hakutoi mvuke. Hata ile mbinu ya kupaka sabuni ya vyombo inafanya tu maji yatandae badala ya kusimama matone. Dere ataona vizuri, lakini maji bado yako ndani.

Kuna Wazungu wanaoishi kwenye magari, huwa nawatazama sana mtandaoni. Madirisha yao ni ya akriliki, tabaka mbili zenye hewa katikati, ili la ndani lisipoe haraka. Unyevu ukiingia hapo katikati huwezi kupangusa, mkono haufiki. Kwa hivyo wanang'oa kizibo kidogo pembeni, wanaacha hewa kavu ipite mpaka ukungu uishe, kisha wanakirudisha. Maji yaliyonaswa yanataka njia ya kutokea, basi.

Sisi njia tunayo, ila tumeifunga. Ukijaribu kufungua, sauti inatoka nyuma: "Kijana, funga, mtoto atapata nimonia!" Mama, heshima yako. Lakini nimonia huletwa na vijidudu, si upepo, na gari lililofungwa ndilo linalotugawia vijidudu. Shirika la Afya Duniani linaiweka Kenya kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, ugonjwa unaosambaa kwa hewa mgonjwa akikohoa. Kioo kikijaa ukungu, kinakuambia pumzi za watu 33 hazina pa kwenda. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, tulilijua hili vizuri. Abiria walipunguzwa, madirisha yakawa wazi. Halafu tukasahau.

Sisemi tugande. Fungua dirisha moja mbele na lingine nyuma, upande wa pili, upana wa vidole viwili tu. Hewa ipite. Mtoto afunikwe leso, akae mbali na upepo, na mwenye kiti kizuri ampishe mama yake. Dere naye aelekeze feni kwenye kioo cha mbele, ivute hewa ya nje, si ile ile inayozunguka ndani.

Na wewe konda, kabla hujagonga bodi gari liondoke, ita kama unavyoita nauli: "Dirisha mbili wazi!"