Porthleven, Bandari ya Kuzungukwa kwa Miguu

Cornwall ni rasi ya kusini-magharibi mwa Uingereza, nchi ya majabali, upepo na migodi ya bati iliyokwisha kufungwa. Pwani yake ya kusini ina mji mdogo wa wavuvi uitwao Porthleven. Niliupenda kwanza kupitia mchoro. Nilipofika, nikaupenda upya.

Mchoro huo, wenye jina la mji, ni kazi ya Peter Lanyon ya mwaka 1951. Ukiutazama haraka, huoni mandhari uliyoizoea: nyumba zimepangana, bahari mbele, mbingu juu. Unaona kijani, kijivu na nyeupe zikipanda kwenye ubao wenye urefu wa karibu mita 2.4, na mistari mizito ikipinda na kukatana. Wataalamu huuita sanaa dhahania. Kwangu mimi, hakuna picha iliyoeleza Porthleven kwa ukweli zaidi.

Ukitaka kujua kwa nini, tembea. Bandari imeingia ndani kabisa ya mji, na nyumba zimepanda miteremko ya pande zote mbili. Anzia gatini, penye mnara wa saa uliojengwa mwaka 1884. Ukivuka kwenda ng'ambo, mnara uliokuwa juu ya kichwa chako sasa uko mbali, umesimama ukingoni mwa bahari. Panda mtaa wa juu, nayo maji yote ya bandari yanajitokeza chini yako, yamesimama wima katikati ya kuta za mawe. Hivyo ndivyo Lanyon alivyoichora: bandari imeinuliwa, mnara uko juu, na sehemu zote ulizopita zimekutana mahali pamoja.

Hakuwa mgeni wa kupita. Alizaliwa mwaka 1918 St Ives, pwani ya kaskazini ya rasi hiyohiyo. Mchoraji Ben Nicholson, aliyehamia Cornwall mwaka 1939, alimfundisha njia mpya za kuchora, lakini nchi aliijua mwenyewe. Kabla ya kuuchora mji huu alitengeneza maumbo ya kushikika, auelewe kwa mikono. Mwaka 1959 alianza kurusha ndege zisizo na injini ili aitazame Cornwall kutoka angani. Ajali ya ndege ya aina hiyo ndiyo iliyomuua mwaka 1964, akiwa na miaka 46.

Majira ya baridi, Atlantiki huja na tufani kutoka kusini-magharibi, ambako ndiko bandari inakotazama. Hapo maboriti makubwa ya mbao huteremshwa kwenye mlango wa bandari ya ndani kuzuia mawimbi, na maji huruka hadi kuupiga mnara. Msukosuko wa rangi zile ubaoni ni maisha ya kila mwaka ya watu wa mji huu.

Mchoro ni mali ya jumba la sanaa la Tate. Ukibahatika kuukuta umetundikwa, usiulize unafanana na nini. Ufuate kwa macho jinsi ulivyoizunguka bandari kwa miguu, maana mji haujulikani kwa kusimama pembe moja.