Mpole au "Polite"?

Bosi wangu aliniandikia barua ya kunitambulisha: eti mimi ni "polite". Nikachekelea, nikidhani ndiyo mpole. Hata matamshi yanakaribiana. Wakati huo namdai mishahara ya miezi miwili, na kila akinipiga kalenda namjibu, "Haina neno, mzee."

Nikafungua kamusi. Kumbe neno lenyewe limetoka Kilatini, politus: kitu kilichosuguliwa kikang'aa. Ukoo mmoja na polishi ya viatu! Basi hakuusifu moyo wangu, alisifu mng'aro. Mpole ametulia mpaka ndani. Mimi ndani nilikuwa nachemka.

Kesho yake nikamwendea. "Shikamoo mzee. Nimefuata hela yangu."

Akanitazama kama hanijui. Jamani, shikamoo si nilimpa?