Daftari la Saa Zangu

Kazi niliyoifanya kwa sehemu kubwa ya umri wangu ni kuandika programu za kompyuta kwa ajili ya watu wengine, kwanza katika idara moja ya serikali mjini Dar es Salaam, kisha kwa mkataba, nikiwatumikia wateja wa hapa kwetu na wa Ulaya, ambao baadhi yao hatujapata kuonana uso kwa uso hata leo. Mtu wa mkataba hauzi bidhaa inayoshikika. Huuza saa zake, na kwa kuwa saa ikishapita hairudi wala haipimiki tena, hana budi kuwa na hesabu ambayo mnunuzi ataiamini na yeye mwenyewe ataweza kuitetea pasipo kutahayari. Wazee wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, nami sijui mali iliyo nyepesi kupotea kuliko wakati. Naieleza hesabu hiyo kwa sababu naiona kuwa ni sehemu ya ufundi wenyewe, ilhali vijana wengi ninaokutana nao huidhania kuwa ni udhia wa makarani.

Katika idara ile palikuwa na daftari la mahudhurio juu ya meza iliyo mlangoni, nasi kila asubuhi tulitia majina, saa ya kufika na sahihi, hata ikitimia saa moja na nusu karani mkuu akapiga mstari mwekundu kwa rula, na aliyekuja baada ya hapo akaandika jina lake chini ya mstari mbele ya macho ya wote. Siudharau utaratibu ule, maana ulitufunza kuheshimu miadi. Lakini daftari lilishuhudia kuwapo kwa mwili tu. Aliyeshinda akirekebisha hesabu za mishahara na aliyeshinda akisoma gazeti walitoka na ushahidi ule ule, na sisi tuliokuwa na miradi mitatu au minne mkononi hatukuwa na mahali pa kuandika ni upi uliotula siku nzima.

Nilipoingia katika mkataba, mteja wangu wa mwanzo alinipa programu ya kupimia muda, yenye vitufe vya rangi na michoro ya duara, ambayo kumbukumbu zake zilikaa katika mitambo ya kampuni iliyoiuza. Kampuni ilipofunga huduma hiyo, kumbukumbu zilifungwa pamoja nayo. Na mteja alipotaka kujua kazi za mwaka uliotangulia zilikwenda wapi, nilichoweza kumpa ni ankara tu, yaani jumla isiyo na ushahidi wake. Hapo nikaamua kwamba hesabu ya saa zangu haitalala tena katika nyumba ambayo ufunguo wake ni wa mtu mwingine.

Njia niliyoifuata ilikwisha pasuliwa na wengine. John Wiegley, Mmarekani, alikuwa ameandika timeclock, programu ndogo ya kutumiwa ndani ya kihariri cha Emacs, na mwaka 2003 akatoa Ledger, programu ya uhasibu inayosoma faili la maandishi matupu na kutoa hesabu bila ya kuligusa faili lenyewe, nayo husoma faili la saa kama isomavyo la fedha. Mwaka 2007 Simon Michael akaanza hledger kwa kuifuata Ledger, nayo ndiyo niliyodumu nayo. Mwaka ule ule wa 2003 Carsten Dominik, mtaalamu wa falaki aliyekuwa akifanya kazi Uholanzi, aliianzisha Org, ambamo kila jukumu katika orodha hubeba saa zake lenyewe. Hawa wote hawakuafikiana katika mengi, ila katika hili moja: kwamba kumbukumbu ni maandishi, na kwamba mtu yeyote mwenye macho na kihariri chochote anaweza kuyasoma.

Tazama asubuhi moja katika faili langu:

i 2019-03-12 08:10:00 bandari:ripoti
o 2019-03-12 10:40:00
i 2019-03-12 11:00:00 shule:ada
o 2019-03-12 12:30:00

Herufi i ni kuingia kazini na o ni kutoka. Nukta mbili zilizo katikati ya jina humtenga mteja na kazi yake, hivyo naweza kuuliza jumla ya bandari yote au ya ripoti peke yake. Amri moja fupi hunijibu kwamba bandari ilichukua saa 2.50 na shule saa 1.50. Mimi nisemaye saa mbili na dakika kumi huandika 08:10, kwa kuwa mashine huanza kuhesabu siku usiku wa manane, ilhali kwetu pwani tangu zamani siku mpya huingia kwa kuchwa kwa jua. Jambo hili si dogo kwa afanyaye kazi usiku. Nikiingia saa nne na nusu za usiku nikatoka saa saba na robo, hledger huukata muda ule vipande viwili, saa 1.50 kwa siku iliyokwisha na saa 1.25 kwa siku iliyoingia, ingawa mimi nilikaa kitini mara moja tu. Na kwa mteja wa Ujerumani mambo huzidi, maana sisi tuko mbele yake kwa saa mbili wakati wa baridi na kwa saa moja tu wakati wa kiangazi, wao wakisogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi tusisogeze chochote. Tuliafikiana kwamba saa za taarifa ni za Dar es Salaam, nami naliandika sharti hilo juu ya kila taarifa.

Taarifa yenyewe huitoa kila jioni kabla ya kufunga, wala sikubali kuilimbikiza hadi mwisho wa juma, kwa sababu kumbukumbu ya mtu hupendelea kazi zilizompendeza. Jumla hutolewa na programu. Maneno nayatia mimi, sentensi moja au mbili kwa kila mradi. Katika hilo nimejifunza kwa gtimelog, programu ya Marius Gedminas wa Lithuania, ambayo humtaka mtu aandike mstari anapomaliza jambo, si anapolianza, na kwa hiyo mstari husema lililofanyika badala ya lililotarajiwa. Wale wasiostahimili dakika wana namna nyingine ndani ya hledger, ambamo kila nukta ni robo saa na nukta nne ni saa kamili. Nami kwa siku za ziara na mazungumzo naiona kuwa ni ya insafu zaidi, maana fikra za mtu hazipimiki kwa dakika moja moja.

Wapo wasemao kuwa faili la namna hii hughushiwa kwa urahisi. Ni kweli, kama ilivyo kweli kwa kila daftari. Mimi kila jioni huliweka katika Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo huonyesha kila badiliko. Lakini kwa kuwa mwenye faili anaweza kuandika upya hata historia hiyo, humpelekea mteja nakala jioni ile ile, na nakala iliyo mkononi mwake ndiyo shahidi wetu sote. Mteja mmoja, alipolalamikia kuchelewa kwa kazi, aliyapitia mwenyewe maandishi aliyonayo akaona kuwa mwezi ule mikutano ilikula saa nyingi kuliko uandishi, naye akaipunguza bila ya mimi kumwomba.

Ewe kijana unayeanza kazi ya mkataba, mwajiri akikupa programu yake ya kupimia muda itumie, lakini weka na faili lako mwenyewe. Na ikiwa programu hiyo haiwezi kukutolea kumbukumbu zako kwa maandishi utakayoyasoma pasipo idhini ya mtu, mweleze mwajiri wako jambo hilo kabla hujatia sahihi.